Ujumbe Uliokwama Kwenye Kioo

Kila alasiri mvua ilianzia upande wa mashamba ya mpunga. Kinasih aliisikia ikija. Kwanza ilipiga majani ya migomba, halafu vigae vya jirani, mwisho vigae vya kwao. Wakati huo chumba cha mbele kilijaa harufu ya mafuta ya nazi na tangawizi. Mteja aliyelala kwenye mkeka aliacha kuongea akaanza kukoroma. Kinasih aliendelea kukanda, mawazo yake yakielea mbali.

Kinasih alikuwa mkandaji. Nyumba yao ilikuwa nje kidogo ya mji wa Klaten, kisiwani Java, na watu walitoka hata vijiji vya mbali kumletea migongo yao. Macho yake yalififia taratibu alipokuwa msichana, kwa ugonjwa wa presha ya macho, hadi yakazimika kabisa. Tangu hapo aliwajua watu kwa mabega na shingo zao. Lakini usingizini bado aliona. Aliota kijani cha mpunga mchanga na wekundu wa pilipili zilizoanikwa. Asubuhi alikaa kwanza kitandani, hataki rangi zile ziondoke.

Aliishi na kaka yake, Mas Darmin, aliyefanya kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga, na mke wa kaka yake, Mbak Wuryani. Huku kwetu Mas ni kaka, Mbak ni dada, na Dik ni mdogo wako, hata kwa wasio ndugu wa damu. Wuryani alikuwa mtu mwema. Kasoro yake ilikuwa moja tu: mdomo wake haukuwa na mlango.

Sasa, kulikuwa na mteja mmoja aliyemkaa Kinasih rohoni. Jina lake Panut. Alikuwa fundi wa kufua patu za shaba, zile kubwa zinazoning'inizwa na kupigwa kwenye sherehe. Mgongo wake ulinukia mkaa, na bega lake la kulia lilikuwa gumu kwa nyundo. Panut alikuwa na kigugumizi. Neno likimkwama, lilikwama kweli, na watu walimmalizia kwa haraka, mara nyingi vibaya. Kinasih hakummalizia. Alisubiri tu, mikono ikiendelea na kazi, mpaka neno lifike lenyewe.

Panut alipoandika, maneno yake yalitiririka bila kukwama. Basi akawa anamwandikia Kinasih ujumbe wa simu. Tazama mambo ya Mungu! Mwanamume anaona taabu kusema, anaandika. Mwanamke anayeandikiwa, haoni. Na simu ya Kinasih ilikuwa ya vitufe, ya kupiga na kupokea tu. Kwa hiyo ujumbe ulifikia kwenye simu ya Wuryani.

"Dik, bwana wa patu kaandika tena!" Wuryani aliita kutoka jikoni. "Sikiliza. 'Leo tumefua upatu mkubwa. Ulipopoa nikaugonga mara moja. Sauti yake ilikaa hewani muda mrefu, nikakukumbuka.' Loo! Mimi huyu wangu hanikumbuki hata akiwa amelala kando yangu."

"Mbak, punguza sauti."

"Kwani nani anasikia? Kuku?"

Kuku walisikia, na baadaye watu nao wakasikia. Asubuhi iliyofuata muuza mboga alipita na mkokoteni wake, na wanawake wa mtaa wakaukusanyikia kama kawaida.

"Kinasih, vipi?" mmoja aliuliza huku akichagua maharage. "Sauti bado iko hewani?"

Wakacheka wote. Hawakuwa na ubaya. Kinasih naye alitabasamu, lakini moyoni alihisi kama mtu aliyevuliwa kitambaa cha kichwa sokoni.

Majibu nayo yalikuwa hivyo hivyo. Kinasih alisema, "Mwandikie, ahsante, nakutakia kazi njema." Wuryani aliandika, kisha akaongeza picha za maua na mioyo.

"Nimetia chumvi kidogo," alisema. "Chakula kisicho na chumvi nani atakila?"

Siku moja Panut alikuja kukandwa. Mvua ilikuwa imekatika na maji yalidondoka polepole kutoka kwenye paa. Alilala kifudifudi kwenye mkeka. Kisha akasema, "Ni-nina neno. Nataka ku-kukuuliza. Lakini si la ku-kusomwa na watu."

Kinasih alisubiri.

"U-ukipata simu yako mwenyewe," Panut alisema, "nitaandika."

Akaondoka. Kinasih alibaki amekaa kwenye mkeka, mikono ikiwa na mafuta, kama mtu aliyeambiwa habari ndotoni na hataki kuamka. Jioni ile alimwambia kaka yake, "Mas, nataka simu yangu. Ya kisasa. Inayosema."

Darmin alifurahi sana. Alimpenda dada yake, na Kinasih hakuwa mtu wa kuomba kitu.

"Twende wote dukani?" Kinasih aliuliza.

"Uende kufanya nini? Njia ina matope. Wewe kaa, niachie mimi."

Darmin alimwendea kwanza mzee anayejua hesabu za siku njema, kwa maana huku kwetu hata mbuzi hanunuliwi bila kuhesabu siku. Siku ilipotimia, alivaa shati lake la batiki akaenda. Aliporudi alikuwa anapiga mluzi.

"Kamera tatu!" alisema. "Na kioo kipana kama dirisha."

"Inasema?" Kinasih aliuliza.

"Ngoja uone." Darmin aliisogeza simu mdomoni. "Haya, wewe. Leo mvua itanyesha?"

"Leo mvua inatarajiwa alasiri," sauti ilijibu.

Wuryani alipiga makofi. Jirani mmoja aliyekuwa anapita naye alipiga makofi, ingawa jambo lile la mvua hata bata wa mtaani walilijua.

"Nilimuuliza muuzaji kama mtu asiyeona ataiweza," Darmin alisema. "Akasema ndiyo, bila wasiwasi. Umeipenda?"

Kinasih alipitisha vidole juu ya kioo. Kilikuwa laini, baridi, kitupu, kama sahani iliyooshwa. Alipogusa hapa, kimya. Alipogusa pale, kimya.

"Nzuri sana, Mas," alisema. "Ahsante."

Sisi watu wa huku ndivyo tulivyo. Ukipewa nguo inayokubana, unasema imekukaa vizuri, halafu unapunguza kula. Kumwambia mtu aliyekufurahisha kwamba amekosea ni kazi nzito kuliko kubeba gunia la mpunga. Kinasih alilelewa hivyo, na Darmin alilelewa hivyo, na muuzaji wa simu pia. Kila mtu alisema ndiyo.

Wuryani alimtumia Panut namba mpya. Kesho yake, kabla ya mvua, simu ya Kinasih ilitoa mlio mmoja mdogo. Tingi.

Kinasih alijua ni yeye. Aliishika simu kwa mikono yote miwili.

"Nisomee ujumbe," aliinong'oneza.

"Samahani, sijaelewa," simu ilijibu.

"Panut ameniandikia nini?"

"Kwa hilo siwezi kukusaidia. Leo mvua inatarajiwa alasiri."

Alijaribu kugusa kioo kila mahali. Ujumbe ulikuwa hapo hapo, chini ya kidole chake, wala hakuweza kuufikia. Angemwita Wuryani, lakini Panut alisema neno lile si la kusomwa na watu. Angemwambia Darmin simu haifai, lakini kila jioni Darmin alirudi na kuuliza, "Simu vipi?" na sauti yake ilijaa furaha.

"Safi, Mas," Kinasih alijibu. Akakaa barazani akitelezesha kidole kwenye kioo, ili waone anaitumia.

Usiku aliota amesimama kando ya kisima. Chini kabisa aliona herufi nyeupe kama punje za mchele. Alipoingiza mkono, maji yalitibuka na herufi zikatawanyika. Aliota hivyo mara nyingi.

Siku ya kawaida ya Panut kukandwa ikafika. Hakuja. Ikafika nyingine, hakuja. Asubuhi upepo ulipotoka upande wa kijiji cha akina Panut, Kinasih alisikia nyundo zikigonga shaba kwa mbali. Yupo, aliwaza. Ananisubiri mimi. Na mimi ninanyamaza. Alijua mtu wa kwao anaelewaje kimya. Mtu akiulizwa jambo zito akanyamaza, amekataa kwa heshima.

Alilia kidogo, kisha akanawa uso, kwa sababu mteja alikuwa mlangoni.

Mteja alikuwa mgeni. Alisalimia, akaegesha fimbo ukutani, akauliza mkeka uko wapi. Mikono ya Kinasih ilisimama hewani.

"Sauti hii naijua," alisema. "Wewe ndiye msoma taarifa za asubuhi redioni!"

"Na mimi nilitaka kukandwa kwa siri," mgeni alicheka. "Naitwa Warsini. Shingo hii inaniua. Kaza mkono, usinionee huruma."

"Bu Warsini," Kinasih alisema, akimwita mama kwa heshima, "lakini hiyo fimbo... huoni?"

"Tangu kuzaliwa."

"Sasa zile habari unazisomaje?"

Bu Warsini hakupata nafasi ya kujibu. Kutoka kwenye mkoba wake sauti ilianza kusema haraka haraka, kama mvua kubwa juu ya bati. Kinasih alishtuka.

"Nani huyo?"

"Simu yangu. Inasema dada yangu anauliza kama nimekula. Huyo kwake mimi bado mtoto. Ndiyo hiyo hiyo inayonisomea habari. Naweka hedifoni sikio moja. Inanisomea mstari, nami nausema. Watu wanadhani nina karatasi."

"Inakusomea ujumbe ulioandikwa na mtu? Wote?"

"Wote. Na jina la aliyeandika, na saa aliyoandika. Kwani yako haikusomei?"

Mvua ilikuwa imeanza. Kinasih alizidi kukaza mkono kwenye shingo ile. Pengine ni kwa sababu alikuwa anazungumza na mgeni. Pengine ni kwa sababu sauti ile alikuwa ameizoea kila asubuhi kwa miaka. Maneno yakamtoka yote: Panut, mlio wa simu, kisima cha ndotoni, kaka yake na mluzi wake.

"Niletee hiyo simu," Bu Warsini alisema, akaketi. Aliipapasa pembeni. "Simu nyingi, ukibana vitufe viwili vya sauti kwa pamoja na kusubiri kidogo, kisoma skrini kinawaka. Unajua kisoma skrini? Ni programu inayotaja kila unachokigusa kwenye kioo." Alibana. Alisubiri. Kimya. "Hebu tuombe macho ya mtu."

Wuryani alikuja akifuta mikono. Bu Warsini alimwongoza aingie kwenye mipangilio, sehemu ya watu wenye ulemavu.

"Kuna kukuza maandishi tu," Wuryani alisema. "Kingine hakuna."

"Basi, Mbak. Simu hii ina masikio na ina mdomo. Ukiiuliza mvua, inajibu. Lakini haikwambii kilichoandikwa kwenye kioo chake yenyewe. Hayo ni mambo mawili tofauti, na wauzaji wengi wanayachanganya."

"Kwani Kinasih hakuwa anaitumia?" Wuryani aliuliza. "Kila jioni yuko nayo."

Kinasih aliinamisha kichwa.

"Dik! Siku zote hizi ulikuwa unapangusa kioo?" Wuryani alicheka, kisha akaacha kucheka. Akakaa chini kando yake, akamshika mkono. Hilo lilikuwa jambo geni kwa Wuryani, kukaa bila neno.

"Usimwambie Mas," Kinasih alisema.

"Hatamwambia," alisema Bu Warsini. "Utamwambia wewe."

Jioni ile Darmin alikuwa barazani anakula wali na tempe ya kukaanga, ile soya iliyochachushwa. Kinasih aliketi karibu naye. Alisikia kila tonge.

"Mas, simu uliyoninunulia sijawahi kuitumia."

Tonge lilisimama.

"Haisomi. Inajibu maswali tu. Nimegusa kioo chake kila siku na sijapata hata herufi moja."

"Kwa nini hukusema?"

"Ulifurahi mno."

Darmin alisogeza sahani. Vyura walilia shambani. Kinasih alitamani kuyarudisha maneno yake mdomoni.

"Niliichagua kwa macho," Darmin alisema hatimaye. "Kamera tatu. Mimi mjinga, nimemnunulia dada yangu kitu cha macho yangu mimi."

"Na mimi nilisema ndiyo nikijua ni hapana. Tumekosa wote."

"Huyo mama wa redio ataweza kuja nasi dukani?"

"Amesema kesho."

"Kesho si siku njema," Darmin alisema. Akafikiri. "Lakini ile njema si tumeiona? Twende kesho."

Duka lilinukia plastiki mpya, na feni lilizunguka juu. Muuzaji alikuwa kijana wa adabu. Alimkumbuka Darmin, na alipoelezwa tatizo aliomba radhi mara nyingi sana.

"Ninayo nyingine," alisema. "Hii ina vitufe vikubwa. Ni maalumu kwa wazee na wasioona."

"Inasoma ujumbe?" Bu Warsini aliuliza.

"Ndiyo... nadhani ndiyo."

"Mdogo wangu, leo tusiulizane. Kila simu iweke mkononi mwa Kinasih. Mkono wake ndio utakaotujibu."

Ile ya vitufe vikubwa ilitaja namba tu. Ujumbe ulipoingia ilinyamaza. Ikarudishwa kabatini.

Ya pili ilikuwa nyembamba na pana. Bu Warsini alibana vitufe viwili, na simu ikasema. Kinasih alipumua kwa nguvu. Lakini sauti ilisoma maneno ya kwao kwa lafudhi ya kigeni, kama mtalii anayesoma kibao cha njia.

"Hilo linarekebishika," Bu Warsini alisema. "Muuzaji, pakua sauti ya lugha yetu. Haya. Sasa zima intaneti. Gusa tena, Kinasih. Nataka kujua kama itasema ukiwa huna bando."

Ilisema. Lakini ilisema kwa kuchelewa. Kinasih alipogusa hapa, ilitaja kitu alichokigusa kabla. Kidole kilikuwa mbele, sauti ikiburuta miguu nyuma.

"Kumbukumbu yake ni ndogo," Bu Warsini alisema. "Leo inachelewa kidogo. Ukiijaza mambo yako, italala kabisa. Na shika kwa mkono mmoja. Unafika kona ya juu?"

"Sifiki."

"Mkono wa pili utakuwa na fimbo. Hii haikufai. Na pa kuweka alama ya kidole ni wapi?"

"Ndani ya kioo, Bu," muuzaji alisema. "Ni teknolojia mpya."

"Mpya, na hapapapasiki."

Darmin alisimama nyuma akisikiliza. Kisha akaanza naye kujifunza. "Hii je?" aliuliza. "Ina kitufe pembeni. Kina kibonyeo, kidole kinapajua." Aliiweka mkononi mwa Kinasih. "Sisemi nzuri wala mbaya. Jaribu wewe."

Ilikuwa simu iliyotumika kidogo, ndogo kuliko zile, na kamera zake Darmin hakuzihesabu. Muuzaji aliisajili alama ya kidole gumba cha Kinasih, kidole kikakaa kwenye kibonyeo na simu ikafunguka. Chini kulikuwa na tundu la hedifoni.

"Wengi siku hizi wanatumia zisizo na waya," muuzaji alisema.

"Zile huishiwa chaji nikiwa katikati ya habari," Bu Warsini alisema. "Waya haunifanyii hivyo. Endelea, Kinasih. Pitisha kidole polepole. Sauti itataja unachogusa. Ukikipata unachokitaka, gonga mara mbili haraka, kitafunguka."

Kinasih alipitisha kidole. "Simu," sauti ilisema. "Ujumbe. Saa. Redio." Ilisema pale pale alipogusa, kwa lugha yake. Kioo hakikuwa kitupu tena. Kilikuwa kama chumba chenye giza ambamo vitu vinakuitikia ukivishika.

"Mpigie kaka yako," Bu Warsini aliamuru.

Aligusa, akakosea, akarudi, akagonga mara mbili. Simu ya Darmin ililia mfukoni.

"Halo?" Darmin aliitikia, ingawa walikuwa wamesimama bega kwa bega. "Nani mwenzangu?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Mas, acha utani," Kinasih alisema. Alikuwa anacheka na kulia.

Aliandika neno kwa kutafuta herufi moja moja. Akalisoma. Akalifuta. Hapo ndipo alipogeuka na kusema, bila kuulizwa, "Nataka hii."

Muuzaji alikubali kuichukua ile ya kamera tatu na kubadilishana. Aliiwasha ahamishe vitu vya Kinasih kwenda kwenye simu mpya.

"Kuna ujumbe haujafunguliwa hapa, dada," alisema kwa adabu. "Wa siku nyingi. Nikusomee?"

"Hapana!"

Sauti yake ilijaa duka zima. Mteja mmoja aliangusha chaja. Darmin hakuwahi kusikia neno lile kutoka kwa dada yake, tangu walipokuwa watoto.

"Hapana," Kinasih alirudia, polepole. "Usiufungue. Uhamishe kama ulivyo."

Muuzaji aliuhamisha kama mtu anayehamisha gunia lililoshonwa. Bu Warsini akasubiri mpaka ile simu ya zamani ifutwe kila kitu cha Kinasih. Ndipo wakatoka nje.

Waliketi kwenye benchi chini ya paa la duka. Darmin alikwenda kununua chai, na hakuna aliyemtuma. Bu Warsini alimfundisha Kinasih jinsi ya kuzima mwanga wa kioo na kuacha sauti.

"Hata mtu akichungulia ataona weusi tu. Mimi nageukia huku," alisema. "Chukua muda wako."

Kinasih aliweka hedifoni. Kidole kilitembea. "Ujumbe," sauti ilisema. "Panut." Aligonga mara mbili.

Ilikuwa sauti ya mwanamke, kavu, isiyojua aibu, kama inatangaza bei ya vitunguu. Lakini maneno yalikuwa ya Panut, na hayakukwama hata mara moja.

"Kinasih, natumaini unasoma hili peke yako. Nikiwa kwako neno langu linafika salama, kwa sababu unalisubiri. Nataka kuja na mjomba wangu kuzungumza na kaka yako. Ukikubali, niambie tu nije. Kama hutaki, usijibu chochote. Nitaelewa, wala sitakusumbua."

Kisha sauti ikataja siku ujumbe ulipofika. Mwezi ulikuwa umekatika.

Kinasih alikaa. Pikipiki zilipita barabarani na yeye alizisikia kama ziko chini ya maji. Mwezi mzima alikuwa amekataa bila kujua ameulizwa nini.

"Ukipenda unaweza kuisemea, itaandika yenyewe," Bu Warsini alisema bila kugeuka.

"Nitaandika."

Aliandika herufi kwa herufi. Alikosea, akafuta. Chai yake ilipoa. Darmin alirudi akasimama mbali kidogo, akitazama barabara kama mtu aliyeona jambo muhimu huko. Mwisho Kinasih alirudia kusikiliza alichoandika: "Mas Panut, sikukukatalia. Simu niliyokuwa nayo haikujua kusoma. Nimekusoma leo. Njoo." Akatuma.

Hakuna jibu lililokuja njiani. Hakuna lililokuja jioni.

Asubuhi upepo ulitoka upande mwingine, wala hakusikia nyundo. Wuryani alimwona anakaa na simu mapajani, akamletea ndizi za kukaanga, asiulize chochote. Kinasih aliendelea kujifunza. Jumapili alikwenda kwenye darasa la wasioona analoliongoza Bu Warsini, akajua kuifanya sauti iende haraka na kuisimamisha anapotaka. Alijua pia kuweka hedifoni sikio moja tu, ili la pili limsikilizie njia. Wateja walianza kumwandikia wenyewe kuomba nafasi, na aliwapanga mwenyewe. Mambo yalikwenda vizuri. Ila kila mlio ulimkata pumzi, na kila mara alikuwa mtu mwingine.

Kisha, alasiri moja, mvua ikiwa bado iko upande wa migomba, simu ililia. Kinasih alikuwa anamkanda muuza mboga.

"Nisamehe kidogo," alisema. Alifuta mafuta kwa kanga, kidole kwa kidole. Aliweka hedifoni.

"Nilikuwa nimekwenda mbali, mji wa Surabaya," sauti kavu ilisoma. "Nilikubali kazi huko kwa sababu nilidhani umekataa. Simu yangu ilianguka majini nikiwa njiani. Leo nimeweka laini kwenye simu ya kuazima, na ujumbe wako ndio wa kwanza kuingia. Nimemwambia bwana wa kazi kwamba ninarudi. Jumamosi nitakuja na mjomba." Baada ya hapo kulikuwa na maneno mengine. Kinasih aliyasikiliza mara mbili.

Aliinuka akaenda hadi mlango wa jikoni. Darmin alikuwa ametoka kazini, anapiga soga na mkewe.

"Mas, Jumamosi usiende kazini," Kinasih alisema. "Mbak, tutahitaji glasi zaidi za chai. Tuna wageni. Panut anakuja na mjomba wake."

Mwiko ulianguka. "Nani kakwambia?" Wuryani aliuliza.

"Nimesoma."

Wuryani alimkimbilia akamkumbatia, unga wa kukaangia ndizi ukiwa bado mikononi. Darmin alisimama, akakaa, akasimama tena. Kwa miaka yote habari ziliingia nyumba ile kwa macho ya wengine, Kinasih akazipata mwisho, zikiwa zimeshatiwa chumvi.

"Na kasema nini kingine?" Wuryani alimnong'oneza. "Nidokeze kidogo tu, Dik. Kidogo tu!"

Kinasih alitabasamu.

"Hapana, Mbak," alisema. "Mengine ni yangu."